Mkate wa Ndizi wa Viungo: Haraka Bakulini, Subira Motoni

Ndizi ikishaanza madoa meusi, muuzaji huwa na haraka ya kuiondoa mezani. Mimi ndipo ninapoisogelea. Ndizi hiyo, pamoja na tui, hiliki na robo kilo ya unga, ndiyo mkate ninaowaokea watu wangu hapa Kibiti, na kila niendako, kuanzia Bungu hadi gati la Nyamisati, naulizwa unaokwaje. Haya ndiyo maswali yanayojirudia zaidi.

Shikamoo mama. Sisi tuko Mbwera, ndani ya delta ya Rufiji, na oveni hatuna. Jiko la mkaa litatosha?

Marahaba mwanangu. Litatosha. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye jiko la mkaa, na mkate wangu wa kwanza niliuharibu: chini umeungua, juu rojo bado bichi. Nilikuwa nimejaza moto chini kama mtu anayechemsha maharage, nikasahau kwamba mkate unaokwa, haupikwi.

Gawa makaa yaliyoshika moto vizuri mafungu matatu. Fungu moja libaki jikoni, mafungu mawili yakae juu ya mfuniko wa sufuria. Chini sufuria inagusa moto moja kwa moja, lakini juu ya mkate kuna hewa tu, na hewa hupeleka joto polepole. Ndiyo maana juu panahitaji makaa mengi kuliko chini. Mfuniko uwe wa bati au alumini, bapa, usio na kishikio cha plastiki.

Kama sufuria zako ni nyepesi, tumia mchanga. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga safi uliokauka kwa unene wa vidole viwili, funika na uipashe moto kwa robo saa. Kisha ingiza ndani yake sufuria ndogo yenye rojo. Mchanga hulipokea joto na kuligawa sawasawa, na chini hapaungui.

Kwa moto wa juu, vifuu vya nazi ni vizuri sana: hushika upesi na kutoa joto kali, kisha hufifia. Makumbi hufuka taratibu, yanafaa dakika za mwisho. Kuni za mkoko zina joto jingi, lakini kukata mikoko bila kibali ni kosa, na vifuu tayari unavyo uani. Jiko nalo likae nje au penye hewa. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua.

Mkate huu una tofauti gani na mkate wa kumimina tuliolelewa nao?

Mkate wa kumimina ni wa mchele na tui, na huumuliwa kwa hamira. Hamira ni kiumbe hai: hula sukari, hutoa hewa, na hufanya kazi kwa wakati wake. Ndiyo maana bibi alisaga mchele, akafunika bakuli na kwenda kufanya shughuli nyingine.

Mkate wa ndizi huumuliwa kwa bekingi pauda au bekingi soda. Hizi ni kemikali. Zikikutana na maji, tindikali na joto, hutoa hewa papo hapo. Mkemia Mwingereza, Alfred Bird wa Birmingham, alitengeneza bekingi pauda yake mwaka 1843 kwa sababu mkewe alikuwa akidhuriwa na hamira. Huko Marekani mkate wa ndizi ulienea katika vitabu vya mapishi miaka ya 1930. Sisi tumeupokea, tukautia tui na hiliki, na sasa unakaa sinia moja na mkate wa kumimina bila ugomvi.

Nipe vipimo, lakini si vya mizani. Mizani sina.

Muuza duka anayo, mwachie yeye kazi hiyo. Nunua unga wa ngano robo kilo, ambao ni sawa na vikombe viwili vya kupimia, na sukari nusu robo. Ndizi zikiwa zimeiva sana, punguza sukari vijiko viwili vya chakula. Mengine ni haya:

- Ndizi mtwike 3 za wastani, au kisukari 6 hadi 7
- Mayai 2
- Mafuta ya kupikia robo kikombe
- Tui zito la nazi robo kikombe
- Bekingi pauda kijiko 1 cha chai
- Bekingi soda nusu kijiko cha chai
- Chumvi robo kijiko cha chai
- Hiliki 8, karafuu 3, mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, kungumanga kidogo
- Zabibu kavu kiganja kimoja, korosho zilizokaangwa kiganja kimoja

Vijiko vya chai viwe vya kusawazishwa kwa kisu, si vya mlima. Ponda ndizi kwa uma kwenye bakuli kubwa, utie sukari, mayai, mafuta na tui, upige mpaka vishikane. Kwenye bakuli jingine chekecha unga, pauda, soda, chumvi na viungo. Mimina vikavu juu ya vya maji, tia zabibu na korosho, kisha koroga kwa mwiko ukifunua kutoka chini kwenda juu. Mara kumi na mbili hadi kumi na tano zinatosha. Unga mkavu usipoonekana tena, acha, hata kama rojo lina mabonge madogo.

Paka mafuta sufuria ya lita moja na nusu hadi mbili na uinyunyizie unga kidogo. Rojo lisizidi theluthi mbili za kimo chake. Peleka motoni mara moja.

Kwa nini nisikoroge hadi rojo liwe laini kabisa?

Unga wa ngano una gluteni. Kadiri unavyoukoroga ukiwa na maji, ndivyo gluteni inavyojisuka na kuwa nyuzi zinazovutika. Chapati inazihitaji, mkate huu hauzitaki. Ukizidisha mwiko, utakata kipande ukute kigumu kama mpira, kina matundu marefu yanayopanda juu. Pia hewa ya soda huanza kutoka mara tu maji yanapoigusa. Ukikaa kupiga soga na mwiko mkononi, unaipoteza. Hapa haraka ina baraka.

Dukani kwetu soda na pauda hazipo kila siku. Naweza kutumia magadi?

Hapana, dada. Bekingi soda ni bikaboneti ya sodiamu peke yake. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, makali zaidi, na kiasi cha kila kimoja hubadilika kutoka jiwe hadi jiwe. Kwenye maharage yanasaidia kulainisha. Kwenye mkate yanaacha ladha ya sabuni.

Ukikosa soda, tumia pauda peke yake, vijiko viwili na nusu vya chai. Ukikosa pauda ukawa na soda, weka soda robo tatu ya kijiko pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu. Soda haina tindikali yake, hutegemea ya chakula, na ndizi ina kidogo tu. Soda iliyokosa tindikali ya kutosha huacha uchungu, na mkate huwa mweusi upesi. Pauda huja na tindikali yake ndani ya kopo. Kuijaribu kama bado nzima, tia nusu kijiko kwenye maji ya moto. Isipotoa povu, itupe.

Ndizi ipi hasa inafaa?

Ile ambayo mgeni usingempa. Ganda liwe na madoa tele, nyama iwe laini, harufu ikufikie kabla hujaimenya. Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka sukari. Ndizi ya manjano isiyo na doa bado ina wanga mwingi, na mkate wake huwa hauna harufu. Mzuzu na mkono wa tembo ziache kwa ajili ya kukaanga au kupika kwa tui. Ikiwa ndizi inavuja maji yenye harufu ya pombe, imepita wakati.

Viungo ninunue vya unga au vizima?

Vizima. Harufu ya kiungo inakaa kwenye mafuta yake, na mafuta hayo huruka mara tu kinapotwangwa. Ondoa maganda ya hiliki, twanga mbegu zake pamoja na karafuu na chembe ya sukari. Sukari husaidia kusaga, mchi hautelezi. Kungumanga paruza mara tano au sita tu. Karafuu zisizidi tatu. Karafuu ya nne hugeuza mkate kuwa dawa ya meno. Kiungo kikuu kwetu ni hiliki, na vingine viiunge mkono.

Zabibu ziloweke robo saa kwenye chai ya rangi yenye moto. Zitavimba, hazitanyonya maji ya rojo. Zikaushe kwa kitambaa na uzipake unga kidogo ili zisizame chini.

Msimu wa maembe na mabibo hapa ni neema. Naweza kuyatumia badala ya ndizi?

Embe, ndiyo. Chagua dodo, lina nyuzi chache. Lakini embe lina maji mengi kuliko ndizi, kwa hiyo lipike kwenye sufuria wazi ukikoroga mpaka mwiko uache njia chini, kisha lipoe. Pima kikombe kimoja na robo. Nanasi nalo lichemshe kwanza, ulichuje.

Bibo ni gumu kidogo. Hukaba koo kwa sababu ya tanini. Yachemshe dakika kumi kwenye maji yenye chumvi, yakamue, yakatekate, kisha tia kiganja kimoja pamoja na ndizi, si badala ya ndizi. Na korosho nunua zilizokwisha banguliwa na kukaangwa. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi, usilicheze jikoni.

Sisi Rufiji ni watu wa mpunga. Unga wa mchele haufai?

Unafaa kwa sehemu. Mchele hauna gluteni, kwa hiyo peke yake hautashika hewa na mkate utavunjika ukikatwa. Ondoa nusu kikombe cha ngano, weka nusu kikombe cha unga wa mchele uliosagwa laini. Ganda la juu litakuwa kavu kidogo na ndani patakuwa na uchembechembe kama wa kitumbua. Mimi naupenda hivyo.

Mkate wangu huumuka vizuri, kisha katikati huzama. Nina mkosi gani?

Huna mkosi, una pupa. Umefunua mfuniko mapema. Nusu saa ya kwanza usiguse kabisa: hewa imejaa ndani, kuta za mkate bado teke, na kwa upepo mmoja tu mkate hulala chini. Baada ya hapo ongeza makaa ya juu ikiwa yamefifia, endelea hadi dakika 50 au 60. Ukifunua, inamisha mfuniko kuelekea nje ili jivu lisimwagike ndani. Chomeka njiti safi ya chelewa katikati. Ikitoka na rojo, funika tena dakika kumi. Ikitoka kavu au na chembe mbili tatu, epua.

Ukizama ilhali hukufunua, basi soda imezidi au rojo lina maji mengi. Ukipasuka juu, usihuzunike. Ganda lilishika kabla ya ndani kumaliza kuumuka. Ni alama ya kawaida ya mikate ya namna hii.

Utakaa siku ngapi? Nataka kumpelekea mama yangu kisiwani Mafia.

Uache dakika kumi kwenye sufuria, kisha utoe upoe juu ya wavu au ungo, saa mbili nzima. Ukiufunga ukiwa wa moto, mvuke utageuka maji na ukungu utaanzia hapo. Kwa joto na unyevu wa pwani, kula ndani ya siku mbili, tatu ukiwa na bahati. Ukitaka kuusafirisha kwa boti ya Nyamisati, uoke jana yake, uufunge kwa karatasi kisha mfuko, na usiukate kabla. Siku ya pili viungo vimekolea na kisu hakibomoi. Mama atapata ulio bora kuliko ulioonja wewe.

Na nikitaka kuwauzia abiria wa mabasi ya Lindi na Mtwara?

Anza na mikate miwili, si kumi. Andika gharama ya kila kitu, mkaa na mfuko wa kufungia vikiwemo, kisha gawa kwa idadi ya vipande. Wengi huhesabu unga na sukari, wakausahau mkaa, na mwezi ukiisha wanashangaa faida imekwenda wapi. Kilicholala siku mbili usiuze.

Kwa hiyo msomaji wangu, ndizi zenye madoa zilizoko kapuni kwako usizitupe leo. Ziponde, koroga mara kumi na tano, weka makaa juu, kisha kaa mbali na ule mfuniko kwa nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo ngumu kuliko yote. Mengine ni robo kilo ya unga tu.