MAUA YALIYOKATWA: YANAISHI AO YAMEKUFA?



Somo hili linatoka kwa mtoto. Siku ya yenga moja, katika masomo ya watoto, alinyoosha kidole kwenye maua yaliyokuwa mezani akauliza: «Shemasi, maua haya yanaishi ao yamekufa?» Tukamjibu upesi kwamba yamekufa, kwa sababu yamekatwa. Naye akauliza tena: «Kama yamekufa, mbona mnayapa maji?» Wakubwa waliokaa nyuma wakacheka. Sisi tulikosa jibu. Tulirudi nyumbani tukafungua daftari letu la biolojia la sekondari, kiisha tukamwuliza mwalimu mmoja wa somo hilo. Leo tunasahihisha mbele ya wote kile tulichomfundisha mtoto vibaya.

Ua lililokatwa lingali linaishi. Limepoteza mizizi, lakini linapumua bado, linakunywa, linatumia akiba ya chakula iliyo ndani yake, na linazeeka. Angalieni glayeli: tumba lililofungwa siku ya posho linafunguka mezani siku ya pili ao ya tatu. Maiti haifungui macho. Na sisi wakulima tungepaswa kulijua hilo zamani, maana kijiti cha muhogo tunakikata, kinalala kivulini siku nyingi, kiisha tunakipanda na kinachipuka. Ayubu naye (14, 7-9) alikuwa ameona jambo hilo kwa mti uliokatwa unaposikia maji.

Kiu yake ni kubwa kupita tunavyofikiri. Katika mwaka 1724, pasta mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alipanda alizeti katika chungu, akakifunika ili maji yasitoke kwenye udongo, akawa anakipima kwa mizani asubuhi na jioni. Aliona kwamba kwa saa 12 za mchana zaidi ya nusu lita ya maji ilitoka kwa njia ya majani. Alikata pia matawi na kuyatia katika maji, akaona yanaendelea kuvuta. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1727. Basi maji hayasukumwi na mizizi peke yake. Majani yakipoteza maji juu, yanavuta mengine toka chini, kama mtu anyonyaye kwa mrija.

Hapo ndipo tunapoharibu. Tunakata maua kwa mama fulani, tunatembea saa nzima juani, na shina linanyonya hewa. Mrija wenye hewa haupitishi maji vizuri. Kwa hiyo, mkifika, ingizeni mashina katika beseni la maji, mkate tena vidole viwili kutoka chini, kwa kisu kikali, kwa kuinamisha kisu, kiisha muyatie katika chombo mara moja. Mkasi butu unaponda mishipa. Ni vema kukata bustanini asubuhi na mapema ao jioni, si saa sita. Majani yote yatakayozama yaondolewe, kwani yanaoza, mikrobe zinaongezeka na kuziba mishipa. (Ile harufu ya chombo chetu siku ya yenga, kila mtu anaifahamu.) Mikebe ya maziwa ioshwe kwa sabuni, na maji yabadilishwe kila siku ao kila siku mbili. Sukari kidogo ni chakula kwa ua, lakini inalisha mikrobe pia, basi itiwe pamoja na matone machache ya javeli. Wengine wanatumia ndimu. Lakini javeli na ndimu visichanganywe hata kidogo: vinatoa hewa mbaya inayoumiza kifua.

Sasa tuseme lile lililotulemea.

Katika sikukuu ya mavuno, mama mmoja mjane alileta waridi nzuri sana. Sisi mashemasi tuliziweka usiku katika chumba cha matoleo, dirisha limefungwa, karibu na mikungu ya ndizi mbivu. Asubuhi petali zilikuwa chini. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mkono wa mama huyu si mzuri, na wengine wakataja hata uchawi. Sisi tuliokuwa na ufunguo wa chumba tulinyamaza. Tangu siku ile hakuleta ua tena, na akawa anakaa karibu na mlango.

Mwalimu alipotusikiliza aliuliza jambo moja tu: «Ndizi zilikuwa zimeiva?» Matunda yanayoiva yanatoa hewa inayoitwa etileni, isiyoonekana. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alionyesha kwamba tufaha zinaitoa zenyewe, na ndizi zinafanya vilevile. Hewa hiyo inaivisha matunda mengine, nayo inazeesha maua mengi haraka: yananyauka ao kuangusha petali kabla ya wakati wake. Chumba kilichofungwa kinaikusanya. Kosa lilikuwa letu na ndizi zetu.

Tulikwenda kwake, mashemasi wanne, tukamwomba msamaha. Alinyamaza sana, kiisha akauliza kama ndizi zingali mle chumbani.

Siku ya posho ijayo ataleta waridi tena. Mama wa usafi wafike saa kumi jioni na beseni, kisu kikali na maji safi. Ndizi zitakaa barazani.