Sakafu Juu ya Mwamba

Matale yaonekanayo kwenye Jiwe la Bismarck, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, huendelea chini ya nyumba nyingi za vilima vya Mwanza. Ajengaye mlimani hulazimika kusawazisha kiwanja: upande mmoja wa chumba hukaa juu ya mwamba, wa pili juu ya kifusi. Mwamba haushuki, kifusi kisichoshindiliwa vyema hushuka. Ndipo hutokea ufa ufuatao mpaka wa vitu hivyo viwili, na sakafu huinama.

Wenye nyumba wengi hukimbilia vigae, na fedha hupotea. Kigae ni kigumu lakini hakipindiki. Sakafu ikisogea, hupasuka. Basi swali la kwanza si sakafu imeinama kiasi gani, bali je, ingali inasogea? Gundisha kipande chembamba cha kioo kivuke ufa, uandike tarehe, ungoje msimu wa mvua upite. Kikivunjika, shughulikia kifusi kwanza.

Karibu na ziwa, pima pia unyevu. Maji hupanda katika vitundu vya zege, na kadiri kitundu kilivyo chembamba ndivyo yawezavyo kupanda juu zaidi. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, kingo zote zikiwa zimezibwa, kwa saa 24. Ukikuta matone chini yake, usitandike zulia la plastiki: mvuke utanaswa na gundi itaachia.

Kupima mwinuko, mpira mwembamba unaopenyesha nuru, uliojazwa maji bila viputo, unatosha. Maji husimama kimo kimoja katika ncha zote mbili, hata zikiwa vyumba tofauti. (Kanuni hii hufundishwa kila mwaka, ni wanafunzi wachache walioiona kazini.) Chora mstari ukutani kwa kimo hicho, kisha pima kushuka sakafuni mahali pengi.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3 kinachohitaji tabaka la wastani wa milimita 40. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.48, uzito wake hukaribia tani 1. Mzigo huo wote utakilalia kifusi kilekile.

Sakafu ya zamani ichongwe kwa tindo, ifagiwe, iloweshwe, kisha ipakwe uji wa saruji. Kabla uji haujakauka, mwaga udongo wa saruji 1 kwa mchanga 3. Mafundi wengi huruka kulowesha, na hili ni kosa: sakafu kavu hunyonya maji ambayo saruji huyahitaji ili igande, kwani kuganda kwake ni badiliko la kikemia, si kukauka. Imwagilie siku 7, kisha igonge kwa mpini wa nyundo. Palipo na mlio wa uwazi hapakushika; pabomolewe kabla kigae cha kwanza hakijawekwa.