Kutoka Utumwa hadi Uungwana: Maisha na Utangazaji wa Leonard Mambo Mbotela

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa uungwana ni vitendo. Nchini Kenya, ni vigumu kuitaja methali hii bila kumkumbuka Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84. Kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, kilianza mwaka 1966 na kikasikika redioni na kuonekana kwenye televisheni ya taifa kwa zaidi ya miaka 50. Wengi humkumbuka kwa sauti yake na ucheshi wake. Makala haya yanaangalia jambo ambalo halijatiliwa maanani sana: uhusiano uliopo kati ya neno uungwana na historia ya ukoo wa mtu aliyelifanya kuwa swali la taifa zima.

Asili ya mtangazaji

Mbotela alizaliwa mwaka 1940 Mombasa, katika jamii ya Freretown. Mtaa huu ulianzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1875 ili kuwapokea watumwa waliokombolewa kutoka majahazini. Babu yake alikuwa mmoja wa watu hao: alitekwa katika nchi ya Wayao, akauzwa, kisha akakombolewa baharini na manowari ya Waingereza. Baba yake, James Mbotela, aliyaandika masaibu hayo katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi Afrika Mashariki.

Wahakiki wamekishutumu kitabu hicho kwa namna kinavyomsifu Mwingereza na kumchora Mwarabu kama chanzo pekee cha uovu. Shutuma hiyo ina mashiko. Hata hivyo, kitabu hicho kinabaki kuwa miongoni mwa kazi za awali za nathari ya Kiswahili ambamo mzawa wa watumwa anaisimulia historia ya watu wake yeye mwenyewe. Katika nyumba hiyo, basi, Kiswahili hakikuwa chombo cha mawasiliano tu, bali pia njia ya kudai utu ulioporwa.

Neno uungwana na historia yake

Katika jamii ya Waswahili wa kale, muungwana hakuwa mtu mwenye adabu tu. Alikuwa mtu huru, aliyezaliwa na wazazi huru, na kinyume chake alikuwa mtumwa. Adabu, usemi mzuri na mavazi ya heshima vilihesabiwa kuwa sifa za tabaka hilo. Kwa mtazamo huo, mtumwa hangeweza kuwa muungwana hata angekuwa na mwenendo mwema kiasi gani.

Maana hiyo haikukosa kupingwa. Katika karne ya 19, wanaume wa misafara iliyotoka pwani kuelekea bara walijiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au wenye asili ya utumwa. Jina Kingwana, lililotumiwa kuitia lahaja ya Kiswahili ya mashariki mwa Kongo, lina chimbuko hilo. Walionyimwa neno hilo kwa nasaba walilichukua kwa safari, kwa kazi na kwa lugha.

Mjukuu wa mtumwa alipoketi mbele ya maikrofoni na kuuliza kama jambo fulani ni uungwana, alikuwa akiikamilisha safari hiyo ya maana. Kigezo hakikuwa tena nasaba bali kitendo. Tajiri na maskini, mtu wa pwani na wa bara, wote walipimwa kwa mizani moja.

Swali lenyewe

Anwani ya kipindi inastahili kuchunguzwa. Kiulizi je humtaka msikilizaji ajitayarishe kujibu. Kionyeshi huu huleta tendo karibu, kana kwamba linatendeka mbele ya macho yake. Neno ungwana lenyewe limefupishwa: katika usanifu huandikwa uungwana, lakini vokali mbili zinazofanana zimeungana kuwa moja kama ilivyo kawaida katika mazungumzo. Upatanisho wa kisarufi haukuathirika, kwani huu hubaki palepale. Mtangazaji alisimulia tabia ya kila siku, ya nyumbani, barabarani au kazini, kisha akaiacha hukumu mikononi mwa msikilizaji. Huu ndio ufundi wa ngano: msimulizi hodari hufunza bila kuhubiri.

Siku ya majaribu

Mbotela alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, mwaka ambao shirika la utangazaji lilitwaliwa na serikali. Kabla ya kituo cha KTN kuanza mwaka 1990, Mkenya hakuwa na televisheni nyingine ya nchini mwake. Mtangazaji wa shirika hilo alikuwa sauti ya dola, atake asitake.

Hali hiyo ilidhihirika Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa anga walioongozwa na Hezekiah Ochuka walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Walimfuata Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka studio na kumlazimisha, chini ya mtutu wa bunduki, kutangaza kuwa serikali imepinduliwa. Walimhitaji kwa kuwa wananchi waliiamini sauti yake. Jaribio hilo lilizimwa siku hiyohiyo na majeshi yaliyoitii serikali. Lakini kwa saa hizo chache, mtu aliyelipa neno uungwana maana mpya alirudishwa kwenye maana yake ya kale: hakuwa huru.

Hapa ndipo pana mjadala. Huenda mhakiki akasema kuwa kipindi chake kilimkosoa mwananchi wa kawaida ilhali mwaka huohuo wa 1982 Katiba ilibadilishwa na kuifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria. Kwa nini swali lile halikuelekezwa Ikulu? Hoja hii ni nzito, na jibu lake limo katika mipaka ya redio ya serikali. Hata hivyo, swali likishafunzwa kwa umma halina mwenyewe. Msikilizaji aliyezoea kuipima tabia ya jirani hawezi kuzuiwa kuipima ya mtawala.

Hitimisho

Imebainika kuwa maisha ya Mbotela hayawezi kutenganishwa na historia ya neno alilolivumisha. Babu alinyimwa uungwana kwa kutekwa. Baba aliudai kwa kalamu. Mwana aliugeuza kuwa swali la kila mtu. Watafiti wa fasihi na isimujamii wana wajibu wa kuvichunguza vipindi vya redio na televisheni kama matini kamili za Kiswahili, kwani humo maneno hubadilishwa maana mbele ya masikio ya watu wote. Mcheza kwao hutunzwa; naye Mambo Mbotela aliicheza ngoma yake kwa Kiswahili.