Somo la Tawi: Makaa Yenye Maji, Chuma, na Kazi Zetu



Mara hii somo letu ni juu ya moto. Wengine watauliza: hapa Nyamyumba hatuna mgodi wa makaa ya mawe wala tanuru la kuyeyusha chuma, ya nini kusoma habari hizo? Jibu ni fupi. Kila kiwanda kinakula moto. Siku moto unapobadilishwa, kazi ya mtu nayo inabadilishwa. Asiyejua mambo ya moto atapata habari kwenye ubao wa matangazo, wakati yote yamekwisha kuamuliwa.

Mimi niliishia shule ya msingi. Kabla ya kupewa kazi ya chama nilikuwa mchochea moto katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Tulikuwa watu 6 kwa zamu mbili, tukilisha boila kuni za mikaratusi. Asubuhi moja tulikuta boila jipya la mafuta limekwisha kufungwa. Lilitaka mtu mmoja tu kwa zamu. Wenzetu 4 walihesabiwa siku zao wakalipwa, wakaenda. Hatukuwa tumeuliza swali hata moja, kwa sababu hatukujua la kuuliza. Somo hili nimeliandika kwa ajili ya hao 4.

1. MAJI NDANI YA KUNI

Kila mchochea moto anazijua kuni mbichi. Zinatoa povu kwenye ncha, zinajaza moshi, na presha ya boila haipandi. Sababu yake ni kwamba moto unafanya kazi mbili. Kwanza unakausha kuni, halafu ndipo unapasha maji ya boila. Na kukausha ni kazi nzito. Joto linalotakiwa kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke ni zaidi ya mara 6 ya joto la kuyapandisha maji hayo kutoka ubaridi wa kawaida hadi kuchemka. Joto hilo lote linatoka nje kwa bomba la moshi bila faida.

Makaa ya mawe ni ndugu wa kuni. Ni majani na miti iliyozama kwenye matope zamani, ikafunikwa na kugandamizwa. Yapo ya umri mbalimbali. Nyiramugengeri inayochimbwa kwenye mabonde yetu ni mtoto. Makaa ya kahawia ni kijana. Makaa meusi ni mzee. Kadiri yalivyo machanga, ndivyo yanavyokuwa na maji mengi.

Hapa Rwanda tumekwisha kuingia katika kazi hiyo. Kule Gishoma, wilaya ya Rusizi, ulijengwa mtambo wa umeme wa megawati 15 wa kutumia nyiramugengeri, na mwingine mkubwa zaidi ukajengwa Gisagara. Nyiramugengeri ikitoka bondeni imelowa kabisa. Lazima ikatwe, ianikwe, igeuzwe, irundikwe. Mvua ikiharibu uanikaji, mtambo unakosa chakula.

Sasa tutazame makaa ya kahawia. Bonde la Latrobe, katika jimbo la Victoria nchini Australia, lina makaa hayo kwa wingi sana, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Tufanye hesabu ya darasani. Chukua kilo 100 za makaa yenye maji sehemu 60 kwa mia. Maji ni kilo 60, makaa yenyewe kilo 40. Ukiyakausha hadi maji yabaki sehemu 15 kwa mia, mzigo wote unakuwa kilo 47 hivi. Kwa hiyo lori lililokuwa linabeba makaa na maji sasa linaweza kubeba karibu makaa matupu, na moto haupotezi nguvu kukausha.

Ugumu ni huu: ukiyakausha kwa moto mkali, unachoma makaa ili ukaushe makaa. Kampuni moja ya Victoria, Environmental Clean Technologies, imetumia miaka mingi kujaribu njia nyingine inayoitwa Coldry. Makaa yanasagwa na kukandwa kwa mashine kama unga wa maandazi, mpaka yale matundu madogo yanayoshika maji yanavunjika. Ule ujiuji unasukumwa kwenye matundu ya chuma na kutoka kama vipande vidogo, halafu vinakaushwa kwa joto la chini, mathalani joto linalotupwa na kiwanda jirani. Vipande vinakuwa vigumu.

Hapa tusidanganywe na maneno. Kukausha makaa kunapunguza moshi kwa kila kazi inayofanyika, kwa sababu unachoma kidogo zaidi. Lakini kaboni haiondoki. Makaa makavu bado ni makaa. “Safi zaidi” si sawa na “safi”.

2. CHUMA KINATOKAJE KWENYE UDONGO

Madini ya chuma ni kama kutu. Kutu ni chuma kilichoshikana na oksijeni ya hewani. Ili upate chuma, lazima umlete mwingine anayeipenda oksijeni zaidi, aichukue aende nayo. Kaboni ya makaa ndiyo inayofanya kazi hiyo. Inaichukua oksijeni, inatoka kama hewa ya ukaa, na chuma kinabaki.

Babu zetu wa maziwa makuu walilijua jambo hili kabla ya Wazungu kufika. Kule Buhaya, ng'ambo ya mto Kagera, mabaki ya matanuru yanaonyesha kwamba watu waliyeyusha chuma miaka ipatayo 2000 iliyopita. Walitumia mkaa wa miti, mivukuto na mirija ya udongo. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tanuru upya mbele ya wataalamu, nalo likatoa chuma.

Viwanda vikubwa vya leo havitumii mkaa wa miti. Vinatumia koki, yaani makaa meusi ya aina maalumu yaliyookwa bila hewa mpaka yakawa magumu. Si makaa yote yanafaa, na yanayofaa ni ghali. Njia hii inatoa karibu tani 2 za hewa ya ukaa kwa kila tani moja ya chuma cha pua. Ndiyo maana dunia nzima inatafuta njia nyingine, na zipo tatu za kukumbuka:

(a) Kutumia makaa duni badala ya koki. Kampuni ile ya Victoria ina njia yake iitwayo Matmor. Makaa ya kahawia yanachanganywa na vumbi la madini ya chuma, yanafanywa vipande, yanatiwa katika tanuru la wima lenye joto dogo kuliko la tanuru la koki.

(b) Kutumia gesi asilia. Gesi inabadilishwa kwanza, halafu inachukua oksijeni bila kuyeyusha madini. Moshi ni mdogo kuliko wa koki.

(c) Kutumia haidrojeni. Hapo kinachotoka ni mvuke wa maji badala ya hewa ya ukaa. Sweden ilianza mpango huo mwaka 2016, na mwaka 2021 chuma cha kwanza cha majaribio kikapelekwa kwa mteja.

Tusisahau pia njia ya kuyeyusha vyuma chakavu kwa umeme, kama inavyofanyika Rwamagana hapa nchini.

3. KUTOKA JARIBIO HADI BIASHARA

Ndugu, hapa ndipo penye somo kubwa. Mtambo unaweza kufanya kazi vizuri katika majaribio na bado usiwe biashara. Kuna ngazi nne: chumba cha majaribio, mtambo mdogo, mtambo wa mfano, na kiwanda kamili. Kila ngazi inataka fedha nyingi kuliko iliyotangulia, na wengi wanaanguka kati ya ngazi ya pili na ya tatu.

Kampuni ya Coldry na Matmor ilijadiliana kwa miaka na mashirika mawili ya serikali ya India, moja la makaa ya kahawia na jingine la madini ya chuma, ili wajenge mtambo pamoja. Mpango huo haukufika kwenye kiwanda. Kwa jirani zetu Tanzania, mwaka 2011 shirika la maendeleo la taifa lilitia sahihi na kampuni ya China kwa ajili ya makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Miaka ikapita bila tanuru kuwaka. Chuma cha Liganga kimechanganyika na titani na vanadi, nacho hakiyeyushwi kirahisi katika tanuru la kawaida.

Lakini mfano ulio bora tunao hapa nyumbani. Tangu mwaka 1963 gesi ya methani ya Ziwa Kivu ilitolewa Rubona, ikapasha maboila ya kiwanda cha bia cha hapa Nyamyumba. Njia yake ni rahisi kueleza. Bomba linashushwa kwenye maji ya kina kirefu. Maji yakianza kupanda, presha inapungua na gesi inatoa mapovu, kama chupa ya soda iliyofunguliwa, na mapovu hayo yanayavuta maji juu yenyewe. Gesi inatengwa, inaoshwa kuondoa hewa ya ukaa, inatumika. Basi kazi hiyo ilijulikana mwaka 1963. Mtambo wa majaribio ya umeme ukaanza upande wetu mwaka 2008. Mtambo mkubwa wa kibiashara wa KivuWatt, megawati 26, ulizinduliwa Karongi mwaka 2016. Hesabu: miaka 53.

Kwa hiyo mwajiri akisema “teknolojia mpya inakuja, wengine jiandaeni kuondoka”, ulizeni: iko ngazi ya ngapi? Na akisema “iko mbali, msiwe na wasiwasi”, ulizeni vilevile. Maana ngazi ya mwisho ikifika inafika haraka.

4. YALIYOWAPATA WENZETU WA LATROBE

Katika bonde lile la Latrobe kulikuwa na mtambo wa umeme wa Hazelwood uliochoma makaa ya kahawia. Mwaka 2014 mgodi wake ulishika moto ukawaka siku 45, na moshi ukaufunika mji wa Morwell. Mwezi Novemba 2016 wenye mtambo walitangaza kuufunga. Machi 2017 ukafungwa. Ni miezi mitano tu, na watu wapatao 750 waliguswa. Teknolojia ya kukausha makaa ilikuwa ikizungumzwa muda wote huo, lakini haikuja kuwaokoa.

Vyama vya wafanyakazi havikukaa kimya. Vilidai, na serikali ya jimbo ikakubali mpango huu: katika mitambo mingine ya bonde hilo, wafanyakazi wazee wanaotaka kustaafu mapema wasaidiwe kustaafu, na nafasi zao zipewe vijana wa Hazelwood. Haukumfikia kila mtu, lakini uliwapa watu kazi. Ulipatikana kwa sababu waliuliza mapema na kwa sauti moja.

5. USALAMA KWANZA

Moto mpya unakuja na hatari mpya. Makaa ya kahawia yaliyokaushwa yanaweza kuwaka yenyewe ghalani, na vumbi lake likijaa hewani linaweza kulipuka. Vumbi hilo pia linaingia mapafuni. Tanuru la chuma linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi ya ziwani inakuja na hewa yenye harufu ya mayai mabovu, nayo ikizidi inaua hata pua ikaacha kuinusa. Asije mtu akawaambia kwamba kwa kuwa moshi hauonekani, hatari haipo.

6. MASWALI YA KUMPELEKEA MWAJIRI

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inataja kupunguza wafanyakazi kwa sababu ya uchumi au ya teknolojia, nayo inataka wajumbe wa wafanyakazi wajulishwe, na mkaguzi wa kazi aandikiwe. Kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu. Ulizeni kwa maandishi:

– Moto mpya utaanza lini, na umekwisha kufanya kazi wapi kwa miaka mingapi?
– Utahitaji watu wangapi kwa zamu, na wenye ujuzi gani?
– Nani atafundishwa kwanza: walio kazini sasa, au watu wa nje?
– Wachochea moto, wapasua kuni na wabebaji watahamishiwa wapi?
– Fedha zitakazookolewa kwenye kuni au mafuta, sehemu gani itaingia katika mishahara na vifaa vya usalama?
– Wanakijiji wanaouza kuni kiwandani wameelezwa?

Swali hili la mwisho msilidharau, hasa ninyi wa viwanda vya chai. Muuza kuni ni mume, mke au shemeji wa mmoja wetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kiwanda chetu kinatumia moto gani? Unatoka wapi, na nani anaubeba?
2. Kilo 200 za kuni zenye maji nusu kwa nusu zina kilo ngapi za kuni kavu?
3. Mwajiri akileta moto mpya mwakani, ni majina ya nani yatakuwa hatarini?

Jibu la swali la tatu liandikwe kwenye karatasi, jina kwa jina, likae kwa katibu wa tawi. Sisi wakati ule hatukuwa na karatasi hiyo. Wenzetu 4 walikwenda nyumbani, na tukaanza kuyasema majina yao walipokwisha kupita getini.