Masta Kwanza, au Swali Kwanza?

Leo nimechagua barua ya binti wa Landless, Thika, kwa sababu amebeba maswali ya wenzake wengi walioniandikia kutoka Ruiru, Juja na Kahawa Wendani. Ana digrii ya Biashara na Teknolojia ya Habari, ile mnayoiita BBIT. Kazi ya ofisi imemkataa tangu ahitimu, basi anajikimu kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha na tasnifu zao, usiku, kwa laptopu. Ameweka akiba kidogo kwenye Sacco na sasa anataka kurudi chuoni. Anauliza: "Dada, nichukue MBA ama masta ya Mifumo ya Habari? Ni gani inalipa?"

Mdogo wangu, nikujibu la kwanza haraka. MBA ni ya mtu ambaye tayari ana watu au bajeti ya kusimamia. Ukiingia bila kazi, utaketi darasani jioni karibu na meneja wa zamu aliyetoka kiwandani. Mwalimu akitaja mzunguko wa fedha, mwenzako anakumbuka wiki iliyopita waliposhindwa kulipa msambazaji, nawe unanakili slaidi. Ada mmelipa sawa, lakini yeye anavuna zaidi. Mifumo ya Habari ni kitu kingine. Inauliza kwa nini kampuni hununua mfumo wa mamilioni kisha karani aendelee kuandika kwenye daftari lake la zamani. Kwa mwenye BBIT kama wewe, nasema Mifumo ya Habari. MBA isubiri siku utakapokuwa na watu chini yako.

Na usidhani fani hii iko mbali nawe. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza majaribio ya huduma moja ya simu pamoja na Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo. Waliyafanyia Nairobi na hapo hapo Thika. Nia ilikuwa wanachama wa vikundi walipe mikopo yao kwa simu. Simu zilifanya kazi. Kilichosumbua ni usimamizi: vitabu vya mikopo havikuwa vimepangwa kupokea malipo ya mtu mmoja mmoja kwa njia hiyo, na kikundi ambacho mwanachama anaweza kulipa bila kufika mkutanoni huanza kulegea. Wateja nao walikuwa na mambo yao. Walitumiana pesa, walilipana katika biashara, na wengine waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari wakazitoa walikofika. Wenye huduma wakatazama, wakaliacha lile wazo la mikopo, na Machi 2007 M-PESA ikazinduliwa kama huduma ya kutumiana pesa. Ukielewa ni kwa nini walibadilisha nia, umeelewa nusu ya yale utakayofundishwa.

Sasa njoo leo, mtaani kwako. Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi kule Makongeni. Utakuta kitabu cha risiti cha karatasi chini ya kaunta, na juu yake simu yenye eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA. Mwenye duka anajua vyote viwili, na anajua ni mteja gani atatolewa kipi. Tangu Januari 2024, kufuatia Sheria ya Fedha ya 2023, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki unapopiga hesabu ya kodi ya mapato. Kwa hiyo kontrakta mwenye kampuni hataki kununua saruji kwa muuzaji asiye na mfumo huo. Anayejenga choo cha nyumba yake, ankara hiyo ataipeleka wapi? Basi jiulize: huyu mwenye duka ameukubali mfumo kwa sababu ni rahisi, kwa sababu unamfaa, au kwa sababu kontrakta amemshika shati?

Hilo ni swali la masta. Na nalipenda kwa sababu litakuokoa na ugonjwa wa vyuo vyetu, wa kumkariri Fred Davis. Wewe unamjua vizuri, umeshawaandikia wazungu kumhusu: makala ya 1989, watu hukubali teknolojia wakiona ina manufaa na haiwasumbui kutumia. Sawa. Lakini Davis aliwapima wafanyakazi wa IBM kule Toronto na wanafunzi wa MBA wa Boston. Hakumpima mama wa soko la Madaraka. Tasnifu nyingi humchukua Davis mzima, hubadilisha jina la mji, huchapisha hojaji, kisha humlipa kijana mmoja mjini aingize takwimu kwenye SPSS. Matokeo huwa yaleyale: "uhusiano mkubwa ulionekana." Ulionekana na nani?

Hapa ndipo niwe mkali kidogo. Masomo ya darasani huisha. Kinachowakwamisha watu ni tasnifu. Nimewaona waliomaliza kozi zote, wakanunua hata gauni la mahafali, halafu msimamizi akawa hapatikani mpaka wakakata tamaa. Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, nenda idarani uulize: ni nani atanisimamia, na kwa sasa ana wanafunzi wangapi? Wakikukazia macho, kaza pia. Mnakumbuka Juni 2019, JKUAT ilipotoa shahada za uzamifu 118 kwa siku moja, nyingi zikiwa za upande wa biashara na usimamizi, nchi nzima ikashtuka na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaanzisha uchunguzi. Mjadala wote uligeukia swali hilohilo: mhadhiri mmoja anaweza kuwasimamia wangapi, na kwa makini gani? Wenye shahada zao wengi walitoka jasho, lakini waliguswa na lawama pia. Usimamizi mzuri unakulinda hata baada ya kuhitimu. Ukiwa idarani, hakikisha pia kwamba kozi yenyewe imo kwenye orodha ya zilizoidhinishwa na Tume. Na ujue mapema kwamba hutakusanya data bila kibali cha utafiti cha NACOSTI.

Pesa. Nimeona hujataja kama umemaliza deni la mkopo wa HELB wa digrii ya kwanza, na ukimya huo naujua. Lipange kwanza, kwa sababu anayekwepa hutozwa faini ya Sh5,000 kila mwezi, na deni hilo litakufuata hadi kwa mwajiri. Baada ya hapo HELB wenyewe wana mikopo ya wanaosoma uzamili, uliza. Akiba ya Sacco usiimalize muhula wa kwanza. Lipa muhula kwa muhula, na ubakize ya uchapishaji, ya kibali, ya nauli. Nauli si jambo dogo: MKU iko mjini Thika, JKUAT ni matatu moja tu hadi Juja, lakini ukichagua chuo cha Nairobi utakuwa abiria wa matatu za 237 kila jioni, na darasa likitoka saa mbili usiku bado kuna boda ya kukufikisha Landless. Binti peke yake, usiku, na laptopu mgongoni. Fikiria hayo kabla ya kufikiria jina la chuo.

Sasa ile kazi yako ya usiku. Sikuhubirii, najua kodi ya nyumba haisubiri. Kando ya barabara hii ya Thika kuna maelfu ya vijana werevu wanaofanya hivyo, hadi ikatengenezwa filamu, The Shadow Scholars ya 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya. Lakini Uingereza imeshaitungia biashara hiyo sheria tangu 2022 kuwazuia wanaouza insha hizo, na tangu ChatGPT itokee wewe mwenyewe unajua bei zimefika wapi. Tena kazi hiyo huwezi kuiandika kwenye CV. Miaka yako ya kusoma majarida, kupanga hoja na kunukuu kwa usahihi haina shahidi hata mmoja. Hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ninayoiona ya wewe kurudi chuoni, kubwa kuliko mshahara: angalau tasnifu moja iwe na jina lako juu. Ila ukishajisajili, hizo za watu ziache. Huwezi kuandika yako saa nne usiku kisha ya mgeni saa saba, na ukigunduliwa, chuo hakitauliza ni kodi gani ulikuwa unalipa.

Umeuliza inayolipa. Benki, Sacco, viwanda vya Thika na Ruiru na serikali ya kaunti wote wana mifumo, na wote wanahitaji mtu anayeweza kuikagua na kumweleza mkubwa kwa maneno ya kawaida. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imewaongezea kazi hiyo. Lakini kama unachotaka ni ajira ya haraka mwaka huu, nitakwambia jambo ambalo vyuo havitakwambia: mtihani wa CISA wa wakaguzi wa mifumo unaweza kukufungulia mlango mapema kuliko masta, na kwa pesa kidogo. Masta ifuate ukiwa ndani. Kumbuka tu kwamba CISA ina mtihani na pia inadai uzoefu wa kazi kabla ya kupewa cheti chenyewe, kwa hiyo anza kutafuta hata nafasi ya mafunzo kwa kampuni ya ukaguzi.

Wiki hii nenda kwa wenye maduka watatu, Makongeni au mjini, uwaulize habari ya eTIMS na uandike wanavyojibu, neno kwa neno. Ukirudi ukiwa bado una hamu ya kuuliza zaidi, jaza fomu. Ukirudi umechoka, nenda CISA.

Na yule mchumba uliyemtaja kwenye barua, aliyekuuliza mwanamke anatafuta masta ya nini, mwambie na yeye aniandikie. Kona hii huwajibu hata wanaume.