SOMO LA JIOGRAFIA: NGUVU YA BARABARA NI KILALO CHAKE KIBOVU



Mara hii tunapenda kujifunza jambo ambalo kila mtu wa Masisi na Walikale anaongea juu yake wakati wa mvua: vilalo. (Katika vitabu mtakuta neno daraja; ni kitu kimoja.) Kila mtu anasema, “Leta itujengee kilalo.” Ni neno la haki. Lakini kijengwe wapi? Kibebe nini? Na kama franga zinatosha kwa kilalo kimoja tu, kipi kianze? Watu wasioweza kujibu maulizo haya wanaweza kupewa kilalo kisichowasaidia.

1. Mto mmoja, teritwari mbili

Tuangalie ramani. Teritwari ya Masisi ina kilometa za mraba 4 734, na ya Walikale ina 23 475, yaani karibu mara tano. Masisi ni milima, malisho ya ng’ombe na mashamba. Pengine milima inapita metre 2 000. Walikale ni msitu mkubwa na nchi ya chini. Mto Lowa unatoka milima ya Masisi, unapita Walikale, halafu unaingia Lualaba. Mto Oso nao unajiunga na Lowa.

Basi tukumbuke: maji yanayogonga kilalo cha Walikale ni mvua iliyonyesha juu ya milima ya Masisi. Mlima ukiwa na miti, maji yanaingia udongoni polepole. Mlima ukiwa mtupu, ao ukilimwa kwa mistari inayoshuka moja kwa moja, maji yanateremka yote kwa saa chache, pamoja na udongo na magogo. Gogo moja likinaswa kwenye nguzo linakamata mengine, maji yanapanda, na kilalo kinaenda. Kwa hiyo mtu anayepanda miti huko juu anasaidia kilalo ambacho pengine hatakiona maisha yake yote. Ndiyo sababu vilalo vya mto mmoja vinapangwa pamoja. Mpango wa kijiji kimoja hautoshi.

Enjenieri akifika mtoni haangalii maji ya siku ile tu. Anauliza wazee: “Maji yalifika wapi mwaka ule wa mvua nyingi?” Anatafuta alama za tope juu ya miti na majani makavu yaliyonaswa kwenye matawi. Kilalo kinawekwa juu ya alama hiyo, na nafasi inaachwa kwa magogo kupita.

2. Kuhesabu wanaopita na wasiopita

Jambo la pili ni kuhesabu safari. Watu wanakaa kandokando ya barabara toka asubuhi mpaka jioni, wanaandika: waenda kwa miguu wangapi, machukudu mangapi, pikipiki ngapi, makamio mangapi, na yamebeba nini. Wanahesabu siku ya soko na siku isiyo ya soko, wakati wa jua na wakati wa mvua. Tena wanaangalia nyakati zenyewe. Mwaka 2025 vita ilifika Masisi-centre mwezi wa Januari na Walikale-centre mwezi wa Machi. Mtu akihesabu barabara wakati watu wamekimbia, atasema kilalo hakihitajiki, na atakuwa amedanganyika.

Hapa kuna mtego mwingine. Mahali ambapo kilalo kimekatika, ukihesabu makamio utapata sifuri. Je, hakuna haja? Haja iko, lakini imejificha. Imejificha katika maharagwe na viazi vya Masisi vinavyooza bila mnunuzi, na katika mafuta ya mawese ya Walikale yanayobebwa mgongoni. Imejificha katika mama mjamzito anayengoja maji yapungue ili avuke kwenda hospitali, na pengine hayapungui kwa wakati.

Mfano mkubwa tunao hapa kwetu. Kwa miaka mingi huko Kilambo, katika teritwari ya Walikale, kipande cha barabara ya lami kilitumika kama kiwanja cha ndege. Ndege ndogo zilitua barabarani, zikapakia kasiteriti ya Bisie, zikaenda Goma. Mzigo mzito kama ule ulipita angani kwa sababu ilikuwa vigumu kupita chini! Mwenye kuhesabu motokari peke yake angesema hakuna mzigo. Kwa hiyo tuhesabu wanaopita, halafu tuulize pia juu ya wasiopita na sababu yao.

3. Kilalo kibovu ndicho kinaamuru

Sasa tufanye hesabu. Tuseme barabara moja ina vilalo vitatu. Cha kwanza kinabeba tani 20, cha pili tani 30, cha tatu tani 15. Kamio lenyewe ni tani 10, na mzigo wake tani 10. Jumla ni tani 20. Je, litafika mwisho wa barabara?

Halitafika. Litavuka cha kwanza na cha pili, litasimama kwenye cha tatu. Barabara yote ni ya tani 15, hata kama wakubwa wamesifu sana kile cha tani 30. Tukitengeneza cha pili kiwe cha tani 50, hatujaongeza kitu. Tukitengeneza cha tatu kiwe cha tani 25, barabara yote inapanda kuwa ya tani 20, na kamio letu linapita. Kuanzia hapo, anayeamuru ni cha kwanza. Ndicho kitakachofuata katika mpango.

Hii ndiyo maana ya kupanga kwa eneo zima. Barabara ya Sake, Mushaki, Masisi, Nyabiondo mpaka Walikale ni mnyororo mmoja. Ile ya Bukavu, Hombo, Walikale, Lubutu mpaka Kisangani, yaani barabara ya taifa namba 3, ni mnyororo wa pili. Zinakutana Walikale. Pete moja ikikatika, mnyororo wote umekatika.

4. Mifano mitatu ya kufundisha

Kilalo cha Bailey. Mwingereza Donald Bailey alikibuni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ni vipande vya chuma vinavyofungwa pamoja. Kipande kimoja cha ubavu kina urefu wa metre 3 hivi na uzito wa kilo 260 hivi. Watu sita wanakiinua bila mashine. Kinafaa sana mahali kama kwetu, na kinaweza kufunguliwa na kupelekwa mto mwingine. Lakini wezi wakitoa vyuma vya kufungia, kinakuwa hatari kwa wote.

Kilalo cha Matadi, juu ya mto Kongo, kilifunguliwa mwaka 1983. Urefu wake ni metre 722. Kilipangwa kubeba motokari na gari la moshi, lakini reli ya kwenda Banana haikujengwa. Motokari zinapita vizuri. Nafasi ya reli inangoja. Fundisho: kilalo na njia yake vipangwe pamoja.

Kilalo cha Jinja, Uganda, juu ya mto Nile, kilifunguliwa mwaka 2018. Kina metre 525. Kabla yake, makamio yalipita juu ya boma la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Wenzetu hawakungoja boma lipasuke. Fundisho: kipya kijengwe kabla cha zamani hakijatuua.

5. Nani atatunza?

Kujenga ni kazi ya mwaka mmoja ao miwili. Kutunza ni kazi ya kila wiki. Office des Routes ilianzishwa mwaka 1971 kwa kazi ya barabara, na mfuko wa matengenezo, FONER, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Lakini kazi nyingine haingoji Kinshasa: kuzibua mifereji, kuondoa magogo kwenye nguzo, kubadilisha ubao uliooza, na kuheshimu bariere ya mvua ili kamio lisipite wakati udongo umelowa. Dereva anayelipita usiku na tani nyingi anaokoa saa tatu, na anaweza kuwafungia watu wote njia miezi mitatu.

Wasomaji wa Luka sura ya 14 wanakumbuka mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Kwa vilalo ni vilevile.

Maulizo ya kazi ya nyumbani

1. Chagua kivuko kimoja karibu na kwenu. Hesabu wanaopita kwa saa moja siku ya soko, na saa moja siku nyingine. Andika tofauti.
2. Uliza wazee wawili maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa. Je, wanakubaliana?
3. Taja mizigo mitatu isiyopita hapo leo, na sababu yake.
4. Kama ungepewa vyuma vya kilalo kimoja tu kwa barabara yote, ungeviweka wapi? Jibu lisiwe “kwetu” bila hesabu.

Mleteeni mwalimu wa jiografia majibu. Tutayaweka yote juu ya ramani moja ya darasa. Siku wakubwa wakiuliza, “Mnataka kilalo wapi?”, tuwe na kitu cha kuwaonyesha.