Tujue Historia Yetu: Ufundi wa Reli Ulifunzwaje Nairobi?

Muthurwa na Makongeni ni mitaa iliyojengewa wafanyakazi wa reli. Je, wafanyakazi hao walisomea wapi kazi yao?

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896, na Mei 1899 ikafika Nairobi. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na mafundi wengi wa kwanza walikuwa miongoni mwao.

Ufundi wa injini ya mvuke ulifunzwa kazini. Kijana alianza kwa kuisafisha, akapanda kuwa mchochea moto, na baada ya miaka mingi, akibahatika, akawa dereva. Mfumo huo ulitoka Uingereza, lakini hapa uliongezewa kizuizi cha rangi: vyeo na mishahara vilipangwa Mzungu kwanza, Mhindi pili, Mwafrika mwisho. Mtu angeweza kulijua boila kumshinda mkubwa wake na bado asipandishwe cheo. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha, na hata angekuwa nayo, ngazi yenyewe haikuwa yake.

Mwaka wa 1924 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha kuwafunza Waafrika ufundi kule Kabete, ambacho leo ni Kabete National Polytechnic. Kisha ukaja mwaka wa 1956. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilianzisha chuo chake, kile kilichoko South B hadi leo, na mwaka huohuo Royal Technical College, ambayo baadaye ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza. Wakati huo reli ilikuwa ikipokea injini 34 za Garratt kutoka Manchester, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mount Gelai iko katika Makavazi ya Reli. Wapelekeni watoto wakaione.

Kizuizi cha rangi kiliondoka. Cha karatasi bado kipo, na fundi wa jua kali kule Kariobangi anakijua vyema. Kwa aliyejifunzia kazini, mamlaka ya NITA hutoa mtihani wa ufundi wa kiserikali, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, bila kumtaka arudi darasani kwanza. Ofisi zake ziko Commercial Street, Industrial Area.